Unga wa Nyumba Nyingi

Wanangu mnaoanza kazi za miradi, ngoja niwaambie jambo moja ambalo najua chuoni hamkufundishwa. Ukifika kijijini, zima gari. Usisalimie watu huku injini inanguruma, maana wataona una haraka ya kuondoka, na mtu mwenye haraka haambiwi kitu. Kwetu huku Ufipa salamu ni kazi kamili. Utaulizwa umeamkaje, watoto wameamkaje, na huko ulikotoka mvua inaendeleaje, na kila swali linataka jibu lake. Nilifanya kazi na kijana mmoja kutoka Dar es Salaam, msomi mzuri, mwenye moyo mweupe. Siku yake ya kwanza aliruka kutoka kwenye gari akawaambia wazee waliokaa barazani, "Wazee, mambo vipi?" Wakatazamana. Mmoja wao akamjibu kwa upole, "Mambo ni mengi, mwanangu. Wewe umekuja kwa lipi?" Mkutano ule ulimalizikia hapo, ingawa tulikaa mpaka jua likashuka.

Mimi ni Gaudensia, ila Nkasi nzima wananiita Mama Oresto. Miaka yangu yote ya kazi niliitumikia taasisi moja ndogo ya masista. Niliajiriwa kama mkalimani, kwa sababu wenyewe walijua Kiswahili cha kitabuni na akina mama wetu wakikasirika wanahamia kwenye Kifipa. Baadaye wakaniita mhamasishaji, kisha mratibu. Kazi ilikuwa ile ile: kusikiliza, kisha kueleza kwa mwingine bila kumpunguzia wala kumwongezea.

Mkubwa wetu alikuwa Sista Arokia, Mtamili. Watamili ni watu wa kusini kabisa mwa India, na taasisi yenyewe ilizaliwa kwao, katika vijiji vya vibarua wa mashamba. Kule walianza na zahanati, wakaongeza masomo ya jioni kwa watoto, kisha cherehani na ng'ombe wa maziwa kwa akina mama. Sista alipoletwa kwetu alikuja na mambo hayo hayo matatu: afya, elimu na kipato. Akajifunza haraka neno mafiga, akawa analihubiri kila mahali. Ukitoa figa moja, alisema, chungu kinamwagika, na usimlaumu mpishi. Alikuwa mfupi, mwembamba, mkali kama pilipili za kwao, na akicheka alishika tumbo kwa mikono miwili. Nilimpenda sana. Nasema wazi kwa sababu siku hizi naona mnawaogopa wakubwa wenu wa kazi au mnawasengenya, na hakuna mnachojifunza kwao kwa njia hizo mbili.

Basi, mbuzi. Tuligawa mbuzi wa maziwa kwa wajane, na sharti lilikuwa kwamba kitoto cha kwanza cha kike apewe jirani. Mpango mzuri ajabu kwenye karatasi. Mbuzi walipoanza kukohoa kwa ule upepo wa Julai, nilikuwa nagongewa mlango: "Mama Oresto, mwambie Sista mbuzi wake anaumwa." Mbuzi wake! Anakula kwa mjane, analala kwa mjane, ananyea kwa mjane, ila ni wa Sista. Sista alikuwa anachukia maneno hayo kuliko ugonjwa wenyewe. Kisha siku moja mama mmoja akaja analia: "Mbuzi wangu amekufa." Sista akamshika mkono, akampa pole ya kweli, na mama alipoondoka akaniambia mradi umeanza leo. Nilidhani ana roho mbaya. Nilichelewa kumwelewa, ila nilimwelewa.

Mimi mwenyewe nilipelekwa kwao mara moja, kujifunza. Msiniulize habari za ndege, nilifumba macho. Kijiji kile kilikuwa na joto ambalo mtu wa Sumbawanga hajaumbiwa, na wali asubuhi, mchana na jioni, mpaka nikaota ugali. Akina mama walinishika nywele, wakanipimia sari zao, wakacheka nilivyotembea nazo. Jioni niliwaona watoto wa vibarua wamejipanga kwenye kibaraza cha kanisa, wanasomeshwa na mabinti wa kijiji hicho hicho ambao nao walisomeshwa pale pale. Nilisimama nikawatazama mpaka machozi yakanitoka, nikawasingizia mbu.

Na kulikuwa na jambo la mchele. Kila mama wa Kitamili katika kile chama chao, akitaka kupika, anachota mchele wa familia yake, kisha anarudisha konzi moja, kiasi cha mkono uliofumbwa, kwenye chungu cha pembeni. Konzi moja tu. Ile konzi si yake tena. Mwisho wa juma vyungu vinakusanywa, mchele unawalisha wagonjwa wasio na ndugu na watoto wa masomo ya jioni. Watu wenyewe maskini, nyumba za makuti, na wanajiita wafadhili! Waliniuliza kwa mkalimani, "Huko kwenu mtaweka konzi ya nini?" Nikajibu bila kufikiri: unga. Wakapiga makofi.

Jambo lingine nililiona kule, nikalichekea bila kujua litanisaidia baadaye kuelewa mambo. Mwanamke, mimba yake ikifika mwezi wa saba, wanamfanyia sherehe, wanamvisha bangili za kioo mkono mzima mpaka kwenye kiwiko, kisha anapelekwa kwa mama yake akajifungulie huko. Akitembea unamsikia tangu mbali. Kule mimba inapita njiani inalia, wanangu, na kila mtu anaibariki. Kwetu mimba inafunikwa kwa kitenge, na ukimuuliza mtu anajifungua lini, anakutazama kama umemuuliza atakufa lini.

Niliporudi, wenzangu walikuwa wameshamaliza kujenga nyumba ya kusubiria uzazi, hatua chache kutoka zahanati ya misheni. Nyie mmezikuta nyumba hizi, mnaziona za kawaida. Wakati ule, mama wa vijiji vya ukingoni, kule ardhi inapoporomoka kuelekea Ziwa Tanganyika, uchungu ulikuwa unamkuta nyumbani. Anapandishwa bodaboda, au anabebwa kwa machela mlimani, na mvua ndiyo hiyo. Wengine walifika. Tulitaka waje mapema, wakae karibu na nesi, wasubiri siku yao wakiwa wamelala kitandani. Tatizo likawa chakula, maana mtu hawezi kubeba akiba ya majuma kadhaa kichwani. Ndipo tukalitoa lile jambo la konzi.

Akina mama wa jumuiya za kanisa walilipokea kwa vigelegele. Kila nyumba ikaweka kopo jikoni, kila anayesonga ugali akatia konzi ya unga. Jumamosi walikuja wamejipanga na makopo yao, wanamimina kwenye pipa letu: sembe, dona, ulezi, na unga wa muhogo wa wale waliohamia kutoka ziwani. Pipa likajaa, tukaleta la pili. Sista alipiga picha akawatumia wenzake wa kule kwao, na mimi, nawaambieni, nilitembea kifua mbele.

Mama wa kwanza alikuja, akalala usiku mmoja, akaondoka. Wa pili hivyo hivyo. Nikamfuata mmoja nyumbani.

"Mbona umerudi? Vitanda vibaya?"

"Vitanda vizuri sana, Mama Oresto. Ila njaa."

"Njaa, na unga umejaa mapipa mawili?"

Akatazama chini, akaanza kuniuliza habari za Oresto.

Tukadhani ni ladha, maana ugali wa ule mchanganyiko ulikuwa na rangi ambayo mpaka leo sina jina lake. Tukatenganisha: mahindi huku, ulezi kule, muhogo pembeni. Haikusaidia. Wadudu ndio waliofaidi. Robo ya mwaka ilipoisha ikabidi tuandike ripoti, tukaandika yale maneno mawili mnayoyapenda hata nyie: mila potofu. Wanangu, nimesoma ripoti nyingi, na karibu kila nilipokuta maneno hayo, aliyeandika alikuwa hajauliza swali la pili.

Wakati huo ndipo akaja Yustina.

Yustina alikuwa ameolewa kijiji cha ukingoni kabisa. Alikuwa mpole, sauti yake unaitegea sikio. Alikuja kliniki na mimba ya tatu, na mkononi hana mtoto. Wa kwanza alifia njiani. Wa pili alizaliwa kwenye machela akiwa ameshakufa, na yeye mwenyewe alikaribia kumfuata. Nesi Perpetua wa zahanati akampima, akaniita pembeni. "Nyonga yake ni nyembamba," akasema. "Huyu akianzia uchungu nyumbani, safari hii hafiki. Lazima asubirie hapa." Nikamuuliza Yustina mwenyewe anataka nini. Akasema anataka kukaa. Kisha akasema, "Ila mama hatakubali."

Mama ni mama mkwe wake, Bibi Anastazia, na pale nyumbani neno lake ndilo lilikuwa neno. Mume wa Yustina alikuwa mvuvi wa kwenda na kurudi, anakaa ziwani kuliko nyumbani. Kijijini walisema bibi anataka mjukuu tu, na kwamba huyu wa tatu naye akipotea, atamwambia mwanawe aoe mwingine. Niliamini. Uso wake ulikuwa wa mtu wa kusemwa hivyo.

Tulimkuta anasaga ulezi kwenye jiwe, amepiga magoti, mgongo unakwenda na kurudi. Sista na mimi tukapiga magoti pia, tukapiga makofi ya salamu taratibu, tukaulizana habari zote mpaka zikaisha. Hakuacha kusaga.

"Bibi," nikasema, "tumekuja kumwomba Yustina akae kwetu mpaka ajifungue."

"Atakula nini?"

"Chakula kipo, bibi. Unga umejaa."

"Unga wa nani?"

"Wa akina mama wa jumuiya. Wote."

"Ndiyo nakuuliza. Wa nani?"

Nikatafsiri. Sista akasema nimwambie kwamba ni watu wa kanisa, watu wema.

"Na mimi ni wa kanisa," Bibi akasema. "Nawajua."

Nilishindwa kujizuia, nikacheka. Yeye hakucheka. Aliacha jiwe, akafuta mikono. "Sikiliza, Gaudensia. Wewe umezaliwa huku huku. Unga ukishasagwa, umeshafunga mdomo. Haukwambii kilichomo. Sasa mnachukua unga wa nyumba nyingi, mnaukoroga pamoja, ukimdhuru mtu hakuna wa kumuuliza. Na huo mnataka ale mtu aliyezika mara mbili?"

Najua mtakachosema. Nyie wa mikoa mingine mkisikia Sumbawanga mnakimbilia kuuliza habari za radi na uchawi, na nikikataa mnakonyezana. Mama yeyote anamkataza mwanawe kula kwa mtu asiyemjua. Bibi alikuwa anasema hilo hilo, ila kwa ajili ya mtu ambaye hakuweza kumudu kukosea tena. Na akina mama wote waliolala usiku mmoja wakaondoka walikuwa na hoja hiyo, wakaona aibu kutuambia, maana waliotoa ule unga ni shangazi zao na jirani zao.

Nilipomaliza kumtafsiria Sista nilidhani atakasirika. Akashika tumbo akacheka mpaka akakaa chini. "Mwambie," akasema, "mke wa kaka yangu alipokuwa mjamzito, mama yangu hakumruhusu kula hata kwa dada yake padri."

Bibi akamtazama kwa mara ya kwanza. "Kumbe kwenu mna akili."

Kuanzia hapo wakaacha kunihitaji, wakawa wanapatana kama watu walio sokoni, huyu kwa Kiswahili cha kitabu, yule kwa Kiswahili cha Kifipa.

"Wakileta mahindi, bibi? Punje?"

"Punje unaiona. Unaipepeta, unaiosha, unaianika."

"Tutapeleka kwenye mashine."

"Mashine ina unga wa aliyetangulia."

"Basi nani atasaga?"

Bibi akaligeukia jiwe lake. Yustina alikuwa amesimama mlangoni, na nikaona amekamata mwimo wake kwa nguvu.

"Mimi," Bibi akasema. "Kwa jiwe langu. Na nitalala pale alipo."

Sista akasema hata leo. Kitanda cha bibi hakikuwa kwenye bajeti, wala jiwe, wala banda la kusagia, na huko mbele tuliandikiana barua ndefu na wahasibu kwa ajili ya hayo, ila pale alisema hata leo. Deo, dereva wetu, aliitwa kubeba lile jiwe, lile kubwa pamoja na dogo la mkononi. Alilizunguka, akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Mama Oresto, hili gari ni la wagonjwa. Jiwe linaumwa nini?"

"Wewe pakia," Bibi akasema, akaingia kukaa mbele.

Ndivyo utaratibu wetu ulivyobadilika. Konzi ikawa ya punje, na kila mama anayesubiri alikuja na mzee wake wa kumsagia, mama mzazi, mkwe au shangazi. Ndipo nikawakumbuka wale wa bangili, wanavyopelekwa kwa mama zao. Nyumba ikajaa mpaka tukaongeza chumba. Tulipowaandikia akina mama wa Kitamili kuwaeleza, walijibu kwamba wao wanaweka mchele, hawajawahi kuweka unga, na wakauliza kwa heshima zote sisi wazo la unga tulilitoa wapi. Sista alinisomea barua ile mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mseme nini kuhusu hayo kwenye maandiko yenu ya miradi, sijui. Siku hizi mnakusanya majibu kwa simu, mtu anajibu ndiyo au hapana, mnabofya, mnamshukuru, mnahamia nyumba ya pili. Si vibaya, mnamaliza kijiji kwa siku moja. Ila Bibi Anastazia mngembofya "hapana" mkaenda zenu.

Yustina alikaa kwetu akinenepa. Bibi alisaga, alisonga, alimsimamia mpaka amalize bakuli, na neno lake lilikuwa moja: kula, umlishe mjukuu wangu. Niliendelea kuamini yale maneno ya kijijini.

Uchungu ulianza asubuhi ya mvua. Nesi Perpetua alimpima, akampima tena, akasema huyu ni wa kupasuliwa, na upasuaji uko mjini. Deo akaleta gari. Barabara ilikuwa imegeuka uji, na mara mbili tulishuka tukasukuma, mimi na Sista, na sketi zetu za heshima. Bibi hakushuka. Alikaa nyuma amemshika Yustina miguu njia nzima. Nilijua kwamba tungekuwa tumetoka kule ukingoni, saa hizo tungekuwa bado hatujafika hata zahanati.

Hospitalini walimpokea wakamwingiza moja kwa moja. Tulikaa kwenye benchi la korido, tope limekaukia miguuni. Sista alisali rozari kwa Kitamili. Mimi nilijaribu kusali nikajikuta nahesabu vigae. Bibi alisimama, ameegemea ukuta, macho mlangoni.

Mlango ukafunguliwa. Nesi kijana akatoka na furushi la kitenge, anatabasamu mpaka jino la mwisho. "Bibi, hongera! Umepata mjukuu wa kike. Mzima, analia vizuri." Akamnyooshea.

Bibi akaweka mikono nyuma.

"Sikukuuliza mjukuu," akasema. "Mke wa mwanangu yuko wapi?"

"Bado wanamshona, bibi. Shika mtoto kwanza."

"Simshiki."

Nesi akanigeukia mimi, amechanganyikiwa. Nikampokea mtoto. Nikamwambia Bibi kwa Kifipa asiwe hivi, ni baraka hii, mtazame basi. Akanijibu bila kutoa macho mlangoni.

"Nilikuwa na binti, Gaudensia. Adelina. Alijifungulia hospitali. Walinitolea mtoto kwanza, hivi hivi, wanacheka. Nikampokea, nikapiga vigelegele. Nilikuwa bado napiga waliponiambia mengine."

Sista aliacha rozari, akasimama kando yake, mabega yakigusana. Tukakaa hivyo, mtoto akilia mikononi mwangu na bibi yake hamtazami.

Kisha wakamleta Yustina kwenye kitanda cha magurudumu, midomo mikavu, macho nusu. Bibi akamsimamisha anayesukuma. Akafunua shuka, akamshika mguu, akaushika muda mrefu kuona kama una joto. Yustina akasema, "Mama, nina kiu."

Hapo ndipo Bibi Anastazia akapiga vigelegele. Watu wa korido nzima wakageuka, milango ikafunguliwa, nesi akaja mbio kumwambia anyamaze, hapa ni wodini, kuna wagonjwa. Hakunyamaza.